Kabla ya helikopta ya Tunduma: Mbeya ilipowatoa jasho wahandisi wa ndege

Kila picha za yule fundi wa Tunduma na helikopta aliyoiunda mwenyewe karakanani zinapoibuka tena, mjadala huwa ule ule. Nusu wanacheka, nusu wanailaumu serikali kwa kutomwezesha. Swali ni moja tu: itapaa?

Mimi kama mtoto wa Mbeya nina swali jingine. Itapaa HAPA? Maana huku kwetu kupaa ni kazi ya ziada, na hilo waliligundua Waingereza zamani sana.

Turudi nyuma kidogo. Januari 1932 shirika la Imperial Airways lilianza kupeleka barua kwa ndege kutoka London mpaka Cape Town. Ukitoka Nairobi vituo vilikuwa Moshi, Dodoma, Mbeya, kisha Mpika kule Zambia ya leo. Naam, Mbeya! Iringa haikuwa kwenye orodha ile (ndugu zangu Wahehe mnisamehe), ndege zilitoka Dodoma zikaja moja kwa moja kwetu.

Kazi hiyo ilifanywa na DH.66 Hercules, dude la mabawa mawili-mawili lenye injini tatu. Lilikuwa limeundwa kwa ajili ya njia ya Cairo hadi Baghdad, jangwani. Sasa lilete Mbeya, mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari. Siku yenye nyuzi 25 za joto, hewa ya hapa ni nyepesi kwa karibu moja ya tano kuliko ile ya kawaida ya pwani ambayo wahandisi huanzia hesabu zao. Injini inavuta hewa kidogo, inapoteza nguvu. Propela inakamata kidogo. Bawa nalo linabeba kidogo, kwa hiyo ndege inakimbia mbali zaidi ardhini kabla ya kunyanyuka. Yote matatu kwa mpigo. Aliyepanda basi lililojaa kutoka Ipogolo kwenda Iringa mjini anaijua ile sauti ya injini inayolalamika... sasa fikiria huna pa kuegesha.

Imperial wakaona wanahitaji ndege ya Afrika hasa. Wakaagiza kwa Armstrong Whitworth, na sharti moja lilikuwa kali: injini moja ikizima, ndege iweze kubaki futi 9,000 angani. Ndiyo ikazaliwa Atalanta, bawa moja juu, injini nne, abiria tisa. Iliruka mara ya kwanza Juni 1932.

Hapa ndipo nilipocheka. Oktoba mwaka huo huo ndege ya kwanza kabisa ya aina hiyo ilipata ajali ikiwa kwenye majaribio huko Uingereza. Kwa kuogopa aibu, wakalihamisha jina Atalanta kwenye ndege nyingine, na ile iliyoumia ikatengenezwa na kupewa jina jipya, Arethusa. Wakubwa nao huficha! Mwanzoni mwa 1933 wakaituma moja yao, Amalthea, safari ya kuthibitisha mpaka Cape Town, baadaye zikaingia kazini kwenye njia yetu.

Hebu tupige hesabu. Futi 9,000 ni kama mita 2,740. Kilele cha Mbeya kinapita mita 2,800, Rungwe inakaribia 3,000. Yaani hata baada ya jasho lote lile, rubani aliyepoteza injini jirani na kwetu alikuwa chini ya vilele. Ilimbidi aijue milima, na aombe mawingu yasishuke. Anayeijua Mbeya ya Machi anajua ombi hilo lina uzito gani.

Halafu utamu ukaisha. Mwaka 1937 Imperial wakahamia kwenye ndege za kutua majini, njia ikapita Mombasa, Dar es Salaam, Lindi hadi Durban. Kule hewa nzito, maji bwerere, hakuna mlima. Ndege iliyoundwa kwa ajili ya nyanda za juu ilikuwa imepata miaka minne tu ya kuonyesha kazi yake kwetu.

Ndiyo maana sicheki na fundi wa Tunduma, ila pia sikubaliani na wanaotaka apewe tu kibali aruke kesho. Tunduma nako ni zaidi ya mita 1,500, na helikopta inayosimama hewani inateswa na hewa nyepesi kuliko ndege inayokimbia. Kampuni ya Airplane Africa imeunda ndege ndogo za viti viwili Morogoro, mji wa mita kama 500 tu, tena kwa muundo wa Skyleader uliokwisha kuruka Ulaya. Fundi wetu anaanza na muundo wake mwenyewe, na anaanzia juu. Kinachomfaa ni mhandisi wa kukaa naye: kuipima injini wiki nzima ikiwa imefungwa chini, kupima uzito, kuinua kwa kamba nusu mita, kushusha, kufungua kila nati na kuangalia. TCAA wakija wakute daftari la vipimo, siyo video.

Mwenye babu aliyewahi kuona Atalanta ikitua Mbeya, au mwenye picha kwenye sanduku la zamani, anitafute. Nitakuja na skana yangu mpaka mlangoni.