Wikendi wachezaji wa Helldivers 2 walipogoma

Ijumaa ya tarehe 3 Mei 2024, tangazo fupi lilibandikwa kwenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta. Kila anayecheza Helldivers 2 kwa kompyuta alitakiwa kuwa na akaunti ya PlayStation Network, mtandao wa kampuni ya Sony, la sivyo angefungiwa nje. Waliokwisha kuinunua walipewa hadi mwanzoni mwa Juni.

Kwa kijana wa Stockholm, ilikotengenezwa gemu yenyewe, hiyo ilikuwa kazi ya dakika mbili. Kwa kijana wa Kariakoo mambo yalikuwa mengine. Fomu ya akaunti hiyo humtaka mtu achague nchi yake, na orodha ilikuwa na Afrika Kusini, Uingereza, hata Oman. Tanzania haikuwemo. Kenya haikuwemo, wala Uganda. Chukua ndugu wawili, mmoja Muscat na mwingine Unguja: wa Muscat anaingia, wa Unguja anabaki mlangoni. Wachezaji wa huku wana ujanja wao wa siku nyingi, wa kujiandikisha kana kwamba wanaishi London, lakini masharti ya akaunti yanakataza kudanganya unapoishi. Kila ulichonunua unakishika roho mkononi.

Hasira iliyofuata haieleweki bila kujua gemu hii inavyochezwa. Ilitoka tarehe 8 Februari 2024, kazi ya studio ya Arrowhead, msambazaji akiwa Sony. Wachezaji wanne hushuka pamoja kwenye sayari kupambana na wadudu wakubwa au maroboti, lakini vita ni moja kwa dunia nzima. Ushindi wa kila kikosi huingia kwenye hesabu ya pamoja, na ndani ya studio yuko mtu anayeitwa Joel, anayeamua adui ashambulie wapi kesho kwa kutazama wachezaji wamefanya nini leo. Sayari ya Malevelon Creek ilipoangukia mikononi mwa maroboti, watu waliililia kama kijiji chao. Ilipokombolewa Aprili 2024, wachezaji walipewa joho la kumbukumbu. Safari nyingine waliambiwa wachague kati ya kupata mabomu ya kutega ya kulipulia vifaru na kuokoa hospitali ya watoto wagonjwa. Wengi wakaenda kwa watoto, watoto wa kubuni, na Arrowhead ikatoa dola 4,311 za kweli kwa shirika la Save the Children. Mtu aliyepitia hayo anajihesabu mwenye nyumba.

Na hisia hiyo ina mizizi mirefu. Counter-Strike, mama wa gemu nyingi za kufyatua risasi mtandaoni, ilianza Juni 1999 kama marekebisho yaliyofanywa na Minh Le na Jess Cliffe juu ya gemu ya Half-Life. Waliitoa ikiwa mbichi, wakasikiliza malalamiko, wakatoa toleo jingine, wakasikiliza tena, hadi Valve, kampuni yenye Half-Life, ikawachukua na kuiuza dukani mwaka 2000. Dust, uwanja wake mashuhuri, ulichorwa na Dave Johnston, kijana wa Uingereza aliyekuwa bado hajatimiza miaka 20. Desemba 2015, Valve ilipoingiza bastola ya R8 yenye nguvu kupita kiasi, wachezaji walipiga kelele na silaha ikapunguzwa makali ndani ya siku chache. Kizazi kizima kimelelewa hivyo, kikiamini kwamba ukisema utasikika.

Basi wikendi ile wakasema. Maoni mabaya zaidi ya 200,000 yalimwagika kwenye Steam. Gemu ikaondolewa sokoni katika nchi na maeneo 177 yasiyo na huduma ya PlayStation Network, na waliodai fedha zao wakaanza kurudishiwa. Johan Pilestedt, aliyekuwa mkuu wa Arrowhead, alikiri hadharani kwamba sharti hilo alilijua miezi sita kabla ya gemu kutoka. Namheshimu kwa hilo. Angeweza kuisukumia Sony lawama zote. Jumatatu tarehe 6, Sony ikatangaza kwamba sharti limefutwa. Maelfu wakarudi kubadilisha maoni yao kuwa mazuri, na wabunifu wa studio wakachora joho lenye milia iliyofanana na grafu ya maoni yale.

Lakini ushindi huo haukufika kila mahali. Katika nchi zilizoondolewa, gemu haikurudi sokoni upesi. Miezi mingi ilipita aliyechelewa kununua akiwa bado nje. Wenzetu wa Ulaya na Marekani walikuwa na ugomvi mwingine kufikia Agosti, sasisho jipya lilipofifisha bunduki ya moto iliyopendwa sana. Arrowhead iliomba siku 60 za kurekebisha, na tarehe 17 Septemba silaha nyingi zikarudishiwa nguvu. Desemba wakaja maadui wapya, Illuminate, na Agosti 2025 gemu ikafika Xbox.

Sasa wachezaji wanasubiri sayari mpya, magari mapya, adui mkali zaidi. Nami nazisubiri. Ila kuna sasisho moja dogo nililolitamani tangu ile wikendi. Katika orodha ya nchi niliyoizoea, Taiwan inafuatwa na Thailand. Katikati pana nafasi ya jina moja.