Sumu ya Mshale, Pampu ya Seli

Waata, wawindaji wa Tsavo, walichemsha vipande vya mti wa Acokanthera hadi maji yakageuka uji mweusi kama lami, kisha wakaupaka kwenye mishale. Hata ndovu alianguka, manake sumu ile inasimamisha moyo. Wasomali waliiita waabaayo. Mwaka 1888 Mfaransa Léon-Albert Arnaud akaichuja sumu safi kutoka kwa mti huo, na jina la Kisomali likabaki, ila limevalishwa tahajia ya Kifaransa: ouabain.

Sasa, inafanyaje kazi? Kila seli mwilini mwako inahangaika na chumvi. Sodiamu inapenya ndani, potasiamu inavuja nje, na hali hiyo isiporekebishwa neva haipitishi ujumbe. Mwaka 1953 Hans Schatzmann, Mswisi, aliona kwamba sumu za jamii hii zinazuia usafirishaji huo kwenye seli nyekundu za damu. 1957, Jens Skou wa Aarhus, Denmaki, akachapisha habari za kimeng'enya alichokipata kwenye neva za kaa, kinachochangamka sodiamu na potasiamu zikiwepo pamoja. Je, hiyo ndiyo pampu yenyewe?

1958, mkutanoni Vienna, Mmarekani Robert Post akamuuliza kama ouabain inakizima. Skou hata hakuwa anaijua. Akapiga simu Aarhus wajaribu. Ilikizima. Basi, pampu ikawa imepatikana, na leo tunajua hesabu yake: sodiamu 3 nje, potasiamu 2 ndani. 1997 Skou akapewa nusu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia.

Huku Tsavo, mbuga ilikuwa imetangazwa 1948, na Waata wakaitwa majangili kwenye ardhi waliyowinda tangu jadi. Msako wa serikali ya kikoloni wa 1956 na 1957 uliwafunga wengi. Yaani mwaka uleule Skou anachapisha, watu waliojua sumu hii kwa mikono yao walikuwa wakipelekwa jela.

Skou hakuiba kitu. Na ndovu walikuwa wanauawa kwa ajili ya pembe, hiyo pia ni kweli. Lakini sumu moja iliwapa wengine tuzo na wengine pingu. Pampu ya sodiamu tunafundishwa darasani, tunaikariri, tunaandikia mtihani. Waata hawamo kwenye somo hilo, ilhali mti bado unamea kwao.