Gauni Mlangoni mwa Shule

Waingereza hawajawahi kumwogopa mwanaume aliyevaa gauni, mradi awe jukwaani. Zama za Shakespeare wahusika wote wa kike, Juliet na Cleopatra wakiwemo, waliigizwa na wavulana, na desturi hiyo ilidumu hadi Mfalme Charles II aliporejea mwaka 1660 na wanawake wakaruhusiwa kuigiza. Mwaka huohuo Samuel Pepys aliandika katika shajara yake jinsi alivyovutiwa na uzuri wa Edward Kynaston, mmoja wa vijana wa mwisho kuigiza kike. Karne mbili baadaye mchekeshaji Dan Leno aliujaza ukumbi wa Drury Lane kila Krismasi, kuanzia 1888 hadi 1903, na sehemu alizopendwa nazo zaidi zilikuwa za mabibi wa pantomimu. Wazazi waliwapeleka watoto wao wakamcheke. Kwa mizani ya desturi hii ndipo tunapopaswa kuipima filamu ya muziki Everybody's Talking About Jamie, iliyotoka mwaka 2021. Mjadala juu yake umekwama kwenye utamu wa nyimbo na wepesi wa kisa. Mimi naona thamani yake iko kwingine: inalitoa gauni jukwaani na kulisimamisha mlangoni, mahali ambapo Uingereza ilikuwa haicheki hata kidogo.

Mwezi Aprili 1870, Ernest Boulton na Frederick Park walikamatwa na polisi walipokuwa wakitoka katika ukumbi wa Strand, London, wakiwa wamevaa kike. Walikuwa wamezoea kuigiza wanawake mbele ya watazamaji, wakapigiwa makofi. Mavazi yaleyale, nje ya ukumbi, yaliwafikisha mahakamani kwa shtaka la kula njama ya kutenda makosa kinyume cha maumbile. Mwaka 1871 baraza la wazee wa mahakama liliwaachia huru, lakini sheria haikulegea. Marekebisho ya mwaka 1885 yalifanya karibu tendo lolote la mapenzi kati ya wanaume kuwa kosa, na kwa sheria hiyo Oscar Wilde alifungwa mwaka 1895, wakati Dan Leno akiwa kileleni mwa umaarufu wake. Ilichukua hadi mwaka 1967 kwa England na Wales kuacha kuwashtaki wanaume wawili waliotimiza miaka 21 kwa yanayotendeka faraghani. Faragha ndiyo iliyoruhusiwa. Mlangoni, barabarani na darasani bado palikuwa na ulinzi.

Filamu yenyewe inatokana na maisha ya Jamie Campbell, kijana wa County Durham aliyetaka kwenda na gauni kwenye dansi ya kumaliza shule, na ambaye BBC ilionyesha kisa chake mwaka 2011. Tom MacRae na Dan Gillespie Sells walikigeuza kuwa tamthilia ya muziki, ikaanza kuonyeshwa Sheffield mwaka 2017, na mwongozaji wake Jonathan Butterell ndiye aliyeiongoza filamu pia. Tazama jinsi kisa kilivyopangwa. Jamie anapata nafasi ya kupanda jukwaani katika klabu kwa jina la kisanii la Mimi Me, na kupanda huko kunamletea sifa shuleni. Lau hadithi ingeishia hapo, ingekuwa imerudia desturi ile kongwe. Lakini mgogoro wenyewe ni wa dansi. Jamie anataka kwenda akiwa Jamie, mvulana aliyevaa gauni, bila jina la kisanii la kujikinga nalo. Mwalimu wake, Miss Hedge, anamkatalia.

Wapo wanaosema kisa hiki ni chepesi mno: wanafunzi wenzake wanamuunga mkono, mlango unafunguliwa, wote wanacheza. Pingamizi hilo lina uzito, na jibu lake limo katika wimbo ambao haukuwamo katika tamthilia, uliotungwa kwa ajili ya filamu. Hapo mzee Hugo, msanii wa zamani wa kuigiza kike anayeigizwa na Richard E. Grant, anamwonyesha Jamie ujana wake wa miaka ya 1980: maandamano, vifo vya Ukimwi, na Kifungu cha 28 cha sheria ya mwaka 1988 kilichozikataza serikali za mitaa "kukuza" mapenzi ya jinsia moja. Ni kizazi kile kilichompoteza mwimbaji Freddie Mercury, mzaliwa wa Zanzibar, aliyefariki Novemba 1991 siku moja baada ya kutangaza kwamba ana Ukimwi. Wimbo huo unasimamisha mwendo wa hadithi, ni kweli, na mtazamaji aliyetaka kucheza anaweza kuuona mzigo. Bila huo, hata hivyo, wepesi wa Jamie usingeeleweka. Kifungu cha 28 kilifutwa England na Wales mwaka 2003, hivyo Jamie amesoma sekondari wakati ambapo hakikuwapo tena. Mlango unamfungukia haraka kwa sababu wengine waliusukuma miaka mingi kabla yake, na filamu inawaonyesha sura zao.

Kasoro kubwa zaidi ya filamu, kwa maoni yangu, haizungumzwi sana, nayo ni Miss Hedge. Kifungu cha 28 hakikumtia hatiani mtu hata mmoja. Kiliendeshwa na hofu: walimu walinyamaza, hata wanafunzi wao walipoonewa mbele yao, wakichelea kwamba neno la huruma lingehesabiwa kuwa kosa. Mwanamke wa umri wa Miss Hedge alisoma au kuanza kazi ndani ya ukimya huo. Filamu iliyompa Hugo wimbo mzima wa kueleza alikotoka haikumpa mwalimu huyu hata ubeti mmoja wa namna hiyo. Imemwacha awe mtu mmoja mwenye roho ngumu, na hivyo kuibebesha tabia yake jambo lililotungwa bungeni, likapigiwa kura, na kutiwa saini kuwa sheria.