Umuhimu wa wakala aliyesajiliwa kwa wanaohamia Kitui na Makueni

Tangu serikali za kaunti zianze kazi mwaka 2013, miji ya Kitui na Wote imekuwa ikipokea watumishi wa umma, wauguzi, walimu na wafanyabiashara kutoka sehemu nyinginezo za nchi. Kwa Vonza, lilipo bewa kuu la Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, wahadhiri na wanafunzi husaka vyumba vya kupanga. Emali, Kibwezi na Mtito Andei zina vituo vya reli ya kisasa iliyozinduliwa mwaka 2017, ilhali huko Malili, Makueni, serikali ilinunua ekari 5,000 mwaka 2009 kwa ajili ya mji wa kiteknolojia wa Konza.

Aghalabu mgeni huanza kwa kupanga nyumba, na baada ya muda hutamani ploti au ekari kadhaa. Hapo ndipo hatari ilipo, kwa kuwa fedha anazotumia huwa ni mkopo wa chama cha akiba au malipo ya uzeeni, na zikipotea hazirudi kwa urahisi. Waswahili husema mgeni ni kuku mweupe. Akiulizia shamba sokoni, madalali humzunguka, kila mmoja akidai kuwa ndiye amjuaye mwenye ardhi.

Hata hivyo, dalali na wakala si kitu kimoja. Sheria ya Mawakala wa Ardhi na Nyumba ya mwaka 1984, Sura ya 533, ilianzisha Bodi ya kuwasajili wanaofanya kazi hiyo, na ni kosa la jinai kuifanya bila usajili. Wakala aliyesajiliwa ana cheti, na mteja aliyedhulumiwa anaweza kuwasilisha malalamishi kwa Bodi, yenye uwezo wa kumfuta katika sajili. Dalali asiyejulikana huzima simu tu.

Manufaa ya kwanza ya wakala ni kuyajua mazingira. Kaunti ya Kitui pekee ina ukubwa wa zaidi ya kilomita 30,000 mraba, na hali hutofautiana mno kutoka eneo moja hadi jingine. Kusini mwa kaunti hiyo, visima vingi hutoa maji ya chumvi. Karibu na Mbuga ya Tsavo, upande wa Kibwezi na Mtito Andei, ndovu huvamia mashamba. Sehemu za Konza zina udongo mweusi unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, jambo linaloongeza gharama ya kujenga msingi. Anayezuru shamba mwezi wa Desemba huona kijani kibichi kila upande. Akirejea Septemba hukuta mto umebaki mchanga mtupu. Wakala mwaminifu humweleza mteja haya kabla ya bei kutajwa.

Manufaa ya pili yahusu umiliki. Katika sehemu nyingi za Kitui na baadhi ya sehemu za Makueni, shughuli ya kubainisha wamiliki wa ardhi haijakamilika, na wakazi hawana hatimiliki. Anayenunua huko hupata mkataba tu, si hati. Aidha, mzozo ukizuka shughuli hiyo ikiendelea, kesi kuhusu ardhi hiyo haiwezi kuanzishwa mahakamani bila idhini ya maandishi ya afisa anayeisimamia. Kuna pia suala la familia. Shamba laweza kuwa bado lina jina la babu aliyefariki, na anayeliuza akawa mmoja tu wa warithi. Wakala anayewajua wazee wa ukoo na majirani wa mpakani huyagundua hayo mapema.

Manufaa ya tatu ni kumwongoza mgeni katika taratibu. Mauzo ya shamba la kilimo huhitaji idhini ya Bodi ya Kudhibiti Ardhi, na maombi hupasa kuwasilishwa katika muda wa miezi 6 tangu mkataba ufanywe. Sheria yatamka kuwa mauzo yasiyopata idhini hiyo ni batili. Vilevile, ikiwa ardhi ni mali ya ndoa, idhini ya mume au mke wa muuzaji ni lazima.

Kwa mpangaji, wakala husaidia kuandika mkataba, kuorodhesha hali ya nyumba kabla ya mpangaji kuingia, na kuhakikisha kuwa kila malipo yana risiti. Katika miji hii, ni muhimu pia kuuliza maji ya mfereji hufika siku ngapi kwa wiki na iwapo kuna tangi la kuyahifadhi.

Pamoja na hayo yote, wakala hachukui nafasi ya wataalamu wengine. Hati za uhamisho huandaliwa na wakili, mipaka huthibitishwa na mpimaji ardhi, na jina la mmiliki huthibitishwa katika afisi ya Msajili wa Ardhi. Mnunuzi asikubali kusomewa matokeo ya ukaguzi huo. Adai kuyaona mwenyewe. Akumbuke pia kwamba mara nyingi wakala hulipwa na muuzaji, na hivyo ni muuzaji anayemtumikia kwanza. Ndiyo maana mnunuzi anashauriwa kuwa na wakili wake mwenyewe.

Kabla ya kutoa hata shilingi moja, mgeni na aulize mambo matatu: nambari ya usajili wa wakala, anayemlipa, na akaunti zitakakowekwa fedha. Wakala halali atajibu bila kusita. Anayetaka arbuni itumwe jioni hiyo hiyo kwa simu yake ya kibinafsi, kwa hoja kwamba kuna mnunuzi mwingine njiani, ni wa kuepukwa.