Mzushi na Uvumi Wake

Uzushi na uvumi ni maneno tunayoyachanganya kila siku, na natamani watunga sheria wayatenganishe. Uzushi umetokana na kuzua, kwa hiyo una mzushi, mtu aliyekaa akautunga. Uvumi umetokana na kuvuma: unausikia, lakini huoni unakotoka. Dola inayotaka kuwapotosha raia wa nchi nyingine huzua jambo, kisha hulivumisha mpaka mzushi asahaulike.

Julai 1983, gazeti la Patriot la Delhi lilichapa barua isiyo na jina la mwandishi, ikidai kwamba UKIMWI ulitengenezwa na wanasayansi wa jeshi la Marekani. Mwaka 1985 Literaturnaya Gazeta la Moscow likalirudia dai hilo, likilitaja Patriot kuwa ndilo chanzo. Msomaji akaona habari imetoka India. Ikasambaa katika magazeti ya nchi nyingi, za Afrika zikiwemo. Mwaka 1992 Yevgeny Primakov, mkuu wa ujasusi wa nje wa Urusi, alikiri kwamba KGB, idara ya ujasusi ya Muungano wa Kisovieti, ilihusika. Mzushi alipatikana, lakini uvumi ulikuwa umekwisha kukaa vinywani mwa watu, na wapo wanaousema hadi leo.

Ndiyo maana “taarifa potofu”, msemo wa semina zetu, hauniridhishi. Kitu huweza kupotoka chenyewe. Kupotosha kunataka mtenda. Sheria ya makosa ya mtandao ya Tanzania ya 2015 na ile ya Kenya ya 2018 ziliweka adhabu ya kuchapisha uongo kwa makusudi. Hata hivyo, mkono wa dola humfikia kwanza aliye karibu, kijana aliyetuma ujumbe kwenye kundi la WhatsApp, ambaye pengine naye amepotoshwa. Mpotoshaji yuko ng'ambo.

Na hiyo ng'ambo haionekani kirahisi. Oktoba 2019 Facebook iliondoa mitandao ya kurasa na akaunti zilizolenga nchi kadhaa za Afrika, Kongo ikiwemo, ikiihusisha na mfanyabiashara wa Urusi Yevgeny Prigozhin. Baadhi ya kurasa ziliendeshwa na wenyeji. Desemba 2020 ikaondoa mitandao mingine, ukiwemo mmoja iliouhusisha na watu wenye uhusiano na jeshi la Ufaransa. Mwandishi mwenyeji, lugha ya kwetu; mgeni ni yule anayelipa. Hapa neno ninalolipenda ni ghilba, kwa sababu ghilba haihitaji hata uongo. Picha ya kweli ya maandamano ya mwaka mwingine inatosha. Sheria ya Huduma za Kidijitali ya Umoja wa Ulaya, ya 2022, inayataka majukwaa makubwa yaweke wazi nani amelipia kila tangazo. Sheria ya namna hiyo inamfuata mzushi alipo, nasi tunaihitaji.

Upande wa wananchi, wataalamu husema “ustahimilivu”. Silikubali. Tunastahimili njaa na msiba. Kudanganywa si jambo la kuvumiliwa. Ningesema ung'amuzi, kwa kuwa kung'amua ni kuliona lililofichwa, na hilo hufundishika. Somo la Kiswahili tayari lina vifungu vya ufahamu. Swali la kwanza chini ya kifungu liwe: nani ameyaandika haya, na nani amemlipa?