Pangani, Shauri Moyo na Kaloleni

Wazee wetu na wanachama, yafaa tukumbuke jinsi ardhi ya Nairobi ilivyopangwa zamani. Kufikia mwaka 1939 kijiji cha Pangani kilikuwa kimebomolewa, na wakaaji wake kuhamishiwa Shauri Moyo. Wengi waliokuwa na nyumba zao wenyewe wakawa wapangaji wa Baraza la Manispaa. Katika miaka ya 1940 ikajengwa Kaloleni, mtaa wa nyumba za chini, zenye nyasi baina yake na ukumbi wa mikutano.

Leo mitaa ya namna hiyo yatakiwa kujengwa maghorofa. Hatukatai, kwani nyumba ni haba. Lakini Katiba ya mwaka 2010 yataka wananchi washirikishwe. Basi idadi ya nyumba katika kila eka, pamoja na uwanja wa watoto wetu, tuulizwe kabla ramani haijatiwa sahihi.