Kiendeshi Yatima: Historia Fupi ya Istilahi za Flashi, kutoka Kiini cha Kompyuta hadi Msimbazi

Yeyote aliyewahi kupita katika Mtaa wa Msimbazi, jijini Dar es Salaam, amekwisha kusikia neno kuflashi. Fundi mwenye meza yake kando ya njia humwambia mteja, "Simu hii, mama, itabidi iflashiwe," na mteja hukubali. Neno hilohilo hutumiwa na mwalimu wa chuo, na ofisa ununuzi, na mfasiri, kila mmoja kwa maana yake. Kwa hiyo tumeona ni vyema tulieleze hapa kwa mapana kidogo: asili yake, kitu chenyewe, na watu wanaokitunza kitu hicho. Katika kufanya hivyo tumegundua kwamba watu hao wana mafunzo kwetu sisi tulio katika kazi ya istilahi.

Kariakoo si mahali pageni kwa kazi ya kupokea maneno. Jina lenyewe la mahali hapo limetokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Wananchi walilipokea, wakalitamka kwa matamshi yao, na leo hakuna anayelihesabu kuwa la kigeni. Maneno ya kompyuta, kwa upande mwingine, yalichelewa kufika. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na wakati huo orodha zetu za tafsiri sanifu zilishughulikia zaidi maneno ya ofisi, elimu na utawala. Mlango ulipofunguliwa, maneno yaliingia kwa wingi na kwa pamoja, na mengi yalipitia sokoni kabla ya kupitia ofisini.

Asili ya Neno

Kumbukumbu ya flashi ilibuniwa na mhandisi Fujio Masuoka wa kampuni ya Toshiba, Japani, naye aliitangaza mbele ya wataalamu wenzake mwaka 1984. Aina ya pili, ambayo ndiyo iliyoenea zaidi katika kadi za simu, ilitangazwa mwaka 1987. Jina lilipendekezwa na mwenzake, Shoji Ariizumi, kwa sababu ufutaji wa data katika chipu hiyo ulimkumbusha mmweko wa taa ya kamera: mara moja tu, na sehemu nzima imefutika.

Ni dhahiri basi kwamba katika asili yake neno hili lahusu kufuta. Fundi wa Msimbazi asemaye simu iflashiwe, akiwa na maana ya kufutwa programu zake na kuandikwa upya, yu karibu zaidi na shina la neno kuliko yule adhaniaye kwamba flashi ni kile kijiti cha kuning'iniza penye funguo. Nchini Kenya kijiti hicho huitwa diski mweko, kutokana na kitenzi mweka, yaani kutoa mwanga wa ghafla. Kisichanganywe na weka. Hali kadhalika, hukohuko Kenya kuflashi ni kumpigia mtu simu na kukata kabla hajapokea, jambo ambalo Tanzania huitwa kubipu.

Kitu Chenyewe

Tuchukue mfano wa ubao wa darasani. Mwalimu aweza kuongeza maandishi palipo wazi wakati wowote, lakini tuseme kifutio chake ni kikubwa kiasi kwamba hakiwezi kufuta neno moja. Hakina budi kufuta ubao mzima. Tena kila ukifutwa, ubao huchakaa. Ndivyo ilivyo flashi. Chipu za awali zilikadiriwa kuhimili kufutwa mara zipatazo 100,000. Zile za baadaye, zinazobana data nyingi mahali padogo, huhimili maelfu machache tu.

Hapa ndipo inapoingia kazi ya kiini na kiendeshi. Kiini ni sehemu ya ndani kabisa ya mfumo endeshi, inayogawa kazi kwa vyombo vyote vya kompyuta. Kiendeshi ni programu ndogo ndani ya kiini inayojua tabia za chombo kimoja. Kiendeshi cha flashi hujua sehemu ipi imechakaa, ipi ni mbovu tangu kiwandani, na jinsi ya kueneza maandishi ili sehemu moja isife kabla ya nyingine. Katika kadi na vijiti, sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na chipu ndogo iliyomo humohumo. Katika vifaa ambamo flashi imewekwa tupu, mzigo wote ni wa kiini.

Kazi ya Utunzaji

Kiini kijulikanacho zaidi ulimwenguni, Linux, kilianzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991. Mwaka 1999 kampuni ya Axis Communications ya Uswidi ilitoa mfumo wa mafaili kwa ajili ya flashi, ulioitwa JFFS. Mwaka 2001 David Woodhouse aliuandika upya kwa jina la JFFS2. Mwaka 2008 ukaingia UBIFS, kazi ya kampuni ya Nokia pamoja na Chuo Kikuu cha Szeged, Hungaria. Ule wa kwanza, JFFS, uliondolewa katika kiini mwaka 2007.

Msomaji aweza kuuliza: programu iliyoandikwa sawasawa inaondolewaje? Sababu ni kwamba kiini hubadilika daima. Njia za ndani ambazo viendeshi huzitumia hazikuahidiwa kudumu. Zikibadilishwa, kila kiendeshi hakina budi kurekebishwa. Kwa hiyo kiendeshi chaweza kuharibika pasipo mtu kukigusa, kwa sababu tu vilivyokizunguka vimesogea. Ndiyo maana kila sehemu huwa na mtunzaji: mtu anayepokea viraka kutoka kwa wengine, akavipima, akakataa vibaya na kuvipeleka vizuri mbele.

Majina ya watunzaji huandikwa katika orodha moja iliyo wazi kwa wote, na kila sehemu huelezwa hali yake: ile inayohudumiwa na watu walioajiriwa kwa kazi hiyo, ile inayotunzwa, ile inayorekebishwa mara mojamoja, ile iliyopitwa na wakati, na ile isiyo na mtu, ambayo huitwa yatima. Hakuna aibu katika neno hilo. Husemwa ili anayetaka kuitumia sehemu hiyo ajihadhari, na anayeweza kuilea ajitokeze.

Funzo kwa Kazi Yetu

Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye maelezo kwa Kiswahili. Kazi ile ilidai mamia ya istilahi, na ilithibitisha kwamba lugha yetu haikushindwa. Lakini Oktoba 2005 OpenOffice ilitoa toleo lake la 2.0, lenye maneno na sehemu mpya. Hapo kuunda istilahi hakukutosha tena, ilihitajika kuzitunza.

Sisi aghalabu huhesabu kazi kuwa imekwisha neno linapochapishwa. Tutazame neno kumbukumbu. Kwa karani wa masjala, kumbukumbu ni mafaili na mihutasari ya vikao. Kwa fundi ni chipu. Kwa mwanafunzi ni uwezo wa kukumbuka. Agizo "futa kumbukumbu" laweza kumtia karani hatiani, na fundi akalitekeleza kwa dakika tano. Mteja wa Msimbazi asiyejua kwamba kuflashi ni kufuta, aweza kuikabidhi simu yake yenye picha za marehemu mzazi wake, na kurudishiwa simu nzima, isiyo na picha hata moja. Hasara hizi hazitokani na ubaya wa maneno. Maneno yalisogea na hakuna aliyeyafuata.

Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu. Kwanza, flashi ibaki flashi, na kuflashi kwa maana ya kufuta na kuandika upya kukubaliwe katika maandishi ya ufundi. Maana ya kupiga na kukata ielezwe kamusini kuwa ya Kenya. Pili, kumbukumbu isitumiwe peke yake panapohusika kompyuta. Isemwe kumbukumbu ya flashi, au kumbukumbu za ofisi. Tatu, kila istilahi katika orodha zetu iandikiwe mwaka ilipopitiwa mara ya mwisho na dawati linaloitunza. Isiyo na dawati iandikwe yatima, waziwazi.

Walimu, wafasiri na watumishi walio karibu na mafundi wa Kariakoo na wa miji mingine wanaombwa kuyasikiliza maneno yatumikayo huko na kutuletea, pamoja na sentensi yalimosikika. Hivyo ndivyo viraka vyetu, nasi tutavipima.